Mbuzi wa Radhi

"Umesikia ya Mwanamkisi?" Bi Tima aliniuliza akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. "Kapawa wakili na Serikali. Wa bure."

Nilikuwa nikimnyonyesha Amini. Nikasema sijasikia.

"Bure, Swafiya! Nti hii hata maji ya kisima yana mwenyewe, itakuwa wakili? Watu wasema kuna neno. Wasema Mwanamkisi aliwapa askari siri ya mwanawe, wakaifunga kesi kwa siri hiyo, na huyo wakili ndiyo tunu yake." Akaketi, akamshika Amini kidole cha mguu. "Mimi sikuwapo, na dhambi siitaki. Lakini yule mbuzi alipelekwa na nani? Si yeye, kwa mkono wake?"

Bi Tima ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nami nimeolewa Siyu si siku nyingi. Maneno yake huyaacha yapite kama moshi wa jikoni, yatafute dirisha yenyewe. Haya hayakutoka.

Habari ya mbuzi ilijulikana Siyu nzima. Mimi nilikuwapo alipoletwa, na nyama yake niliila. Nitaieleza nilivyoiona, lakini kwanza nimseme Bi Mwanamkisi mwenyewe, kwa kuwa asiyemjua hataelewa kwa nini alimpeleka.

Alikuwa mwosha maiti wa wanawake na watoto. Kazi hiyo aliirithi kwa mamake, na mamake kwa bibi yake. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ndogo, na mikono yake ilinukia kafuri hata siku ya harusi. Watoto walimkimbia kwa harufu ile. Watu wazima walimheshimu kwa hofu, maana kila mmoja alijua siku moja atalala mbele yake hana nguo wala neno.

Binti yangu wa kwanza, Nana, aliishi siku kumi na moja. Aliyemwosha ni Bi Mwanamkisi. Hakuniambia nisilie, wala hakuniambia Mungu atanipa mwingine. Aliniuliza jina la mtoto tu, kisha akawa akimwita kwa jina lile, taratibu, kama amwogeshaye mtoto aliye hai. "Inua mkono, Nana. Mkono wa pili. Sasa mguu, mwanangu." Nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia. Tangu siku ile, Bi Mwanamkisi akiniambia jambo, silipimi mara mbili.

Alikuwa na desturi moja asiyoiacha. Maiti akishatolewa, husimama kati ya chumba cha wanawake akasema: "Mwenye haki kwa maiti, na aseme. Aliyemkosea maiti umauti ukamuwahi, na awaendee wafiwa kabla ya khitma, aombe radhi. Kuzika na kinyongo ni kuzika na mwiba." Akisema hayo kila mtu hujikagua. Niliona mwanamke akitoka kwenye kona akaomba radhi kwa ungo alioazima miaka sita asiurudishe. Wakacheka na machozi yao, na ungo ukasamehewa.

Mwanawe alikuwa mmoja, Famau. Wengine watatu aliwaosha mwenyewe wangali wadogo. Famau alikuwa mshoni wa makubadhi, mtu mfupi, mchangamfu, mwenye kelele za bure. Nje ya mji alikuwa na shamba dogo la mahindi, na ng'ombe wa mtu mmoja aitwaye Badawi walikuwa wakiliingia.

Siku waliyogombana ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini. Famau alisimama mbele ya Badawi, kidole juu, maana Badawi alikuwa mrefu kama mlango.

"Ng'ombe wako wakirudi shambani kwangu, sitawapiga wao, takupiga wewe!"

"Utapanda ngazi ya nani?" Badawi akamuuliza.

Watu walicheka mpaka Famau mwenyewe akageuza uso asionekane akicheka. Miezi mingi baadaye neno la Famau lilifika kortini. Kicheko hakikufika.

Siku nne baada ya hapo Badawi alikutwa asubuhi kwenye ndia ya mashamba, amelala kifudifudi, kichwa kimepasuka. Karibu naye hapakuwa na rungu, hapakuwa na panga. Miguuni alikuwa na makubadhi aliyoshonewa na Famau. Wako waliosema kapigwa, wako waliosema kaanguka juu ya jiwe. Mpaka leo hapana ajuaye. Famau usiku ule alikuwa amelala dunguni shambani kwake akiyalinda mahindi yasiliwe na nguruwe, peke yake, kama walalavyo wote wenye mashamba. Nguruwe si mashahidi.

Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimeketi nyumbani kwa marehemu, mimba ya Amini imenielemea, nimeegemea ukuta. Bi Mwanamkisi akaingia. Nje ya ua tulimsikia mbuzi akilia. Alikuwa mbuzi wake jike, mwenye baka jeupe usoni, aliyekuwa akimkamua kila asubuhi. Alipita kati ya wanawake mpaka kwa mjane, Umulkheir. Akaketi chini, akavua kanga kichwani, akailaza mapajani mwa Umulkheir. Sote tuliona mvi zake.

"Umulkheir, mwanangu na mumeo waliatana vibaya," akasema. "Umauti umekuja kabla hawajapatana. Tupe radhi."

Umulkheir alilia, kisha akaichukua ile kanga akamfunika tena kichwa, kama ada ilivyo. "Tumewapa, mama. Mungu naye awape."

Mbuzi akachinjwa kwa khitma. Hakuna aliyeona ajabu. Kwa kweli ajabu ingekuwa asingekuja, yeye aliyetuhimiza sisi sote miaka yote. Jambo moja tu hakulifanya: hakumuuliza Famau. Famau alikuwa amekwenda Mkokoni kutafuta ngozi, na mamake akaona hapana haja ya kumngoja. Mama humwombea mwanawe radhi kama amwombeavyo dua. Hapana mama anayeomba ruhusa kwanza.

Askari walifika siku ya kumi. Walikuwa watu wa bara, pamoja na mwandishi wao. Walikwenda nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliwapa habari mbili: ugomvi na mbuzi. Watu hawakuwa na nia mbaya. Walipoulizwa nini kilitokea, walieleza kilichotokea. Famau alirudi kutoka Mkokoni na mzigo wa ngozi kichwani akawakuta wanamngoja kizingitini mwa nyumba yake.

Kesi kubwa ilisikizwa Mombasa. Bi Mwanamkisi aliitwa kuwa shahidi. Hakujua ni shahidi wa upande gani. Aliporudi alikuja kwangu, akaketi juu ya mkeka bila kuvua buibui, akanisimulia mara moja tu.

"Walivaa majoho meusi wote," akasema. "Wasema mmoja wao alikuwa wetu, wa kumsemea Famau. Sikumjua ni yupi. Akasimama mmoja, akaniuliza, 'Ulipeleka mbuzi kwa wafiwa?' Nikamwambia nilipeleka. 'Uliomba radhi kwa ajili ya mwanao?' Nikamwambia niliomba. Akasema, 'Basi, shuka.' Nikamwambia, 'Bwana, sijamaliza.' Akasema yeye kamaliza."

"Ulitaka kumwambia nini, mama?"

"Kwamba radhi ilikuwa ya maneno. Ya ng'ombe na mahindi." Alitazama viganja vyake. "Nilidhani wayua. Nani asiyejua?"

Famau alihukumiwa kunyongwa. Jaji alisema mama hawezi kuomba msamaha wa kosa asiloambiwa na mwanawe.

Ndiyo hivyo nilivyoijua habari ya mbuzi, na ndiyo sababu maneno ya Bi Tima hayakunitoka. Siku ya pili yake asubuhi Bi Mwanamkisi mwenyewe akaja na bahasha ndani ya kanga, imekunjwa katika kitambaa cheupe kile kile cha kazi yake. Alijua mimi nasoma. Baba yangu alikuwa karani mdogo wa forodha Mombasa, akanisomesha mpaka darasa la sita, na Siyu mwanamke wa kusoma barua ya mashine nilikuwa mimi.

Ilikuwa ya Kiswahili, yenye mhuri. Wakili mmoja wa Mombasa, jina lake Vasanji, aliandika kwamba Korti imempa kazi ya kumsimamia Famau katika rufani yake, kwa kuwa ni kesi ya roho ya mtu na mwenyewe hana uwezo. Hatatozwa kitu. Amekwisha kumwona mfungwa mara moja. Akauliza kama kuna jambo lolote ambalo halikusemwa katika kesi ya kwanza, na kama liko, aandikiwe upesi. Nikatazama tarehe. Barua ilikuwa imekaa njiani siku kumi na tisa. Mashua za Serikali miezi ile zilikuwa zikishughulika na wafungwa waliowekwa kisiwani Manda, na barua za watu zilingoja. Rufani ilikuwa imebakisha siku kumi na mbili.

"Amlipaye ni nani?" Bi Mwanamkisi akauliza.

"Serikali."

"Na ashitakiye?"

"Serikali, mama."

Akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu Famau achukuliwe. "Kama mtu achezaye bao peke yake," akasema. "Kete za huku zake, za huku zake. Kisha tuambiwe kafungwa nani?"

Nikamwambia kule Mombasa nilisikia wako waliotoka kwa rufani. Sikuwa na hakika. Nilisema kwa sababu Amini alikuwa amelala mapajani mwangu, mzito na wa moto, na sikuweza kumwambia mama mwenzangu neno lingine.

"Basi andika," akasema.

Niliandika kurasa nne. Nilieleza radhi ni nini, nani huiomba, kanga hulazwa wapi na hurudishwaje. Niliandika habari ya ungo. Niliandika habari ya Badawi na ngazi, na watu walivyocheka. Kila nilipomaliza ukurasa nilimsomea, naye alisikiza akiwa amefumba macho, akanirudisha mahali pamoja tu. "Hapo umesema 'msamaha'. Toa. Tia 'radhi ya ugomvi'. Tumekwisha kuchomwa na neno hilo."

Mwisho akasema, "Maneno ya mama mtu nani atayaamini? Twende kwa Umulkheir."

Nilimfunga Amini mgongoni tukaenda. Umulkheir alikuwa amekwisha kutoka eda, lakini alikuwa bado amevaa nguo zile zile, kama aliyesahau kuzibadili. Kakake, Mohdhar, alikuwa barazani. Aliposikia tulichokijia alisimama.

"Mumeo hajaoza kaburini, nawe wamtilia dole muuaji wake?"

"Sijamwona muuaji, kaka," Umulkheir akamjibu kutoka ndani. "Mimi nimemwona mama aliyeniomba radhi ya ugomvi, nami nikampa. Ndilo nililolisikia, na ndilo nitakalotilia dole."

"Watu watasemaje?"

"Watu walimla yule mbuzi, Mohdhar. Nawe uliomba kipande cha ini."

Mohdhar akaondoka akipiga fimbo chini. Nikamwandikia Umulkheir aya yake, nikamsomea, akatia dole gumba katika wino wangu, akalibana kwenye karatasi kwa nguvu mpaka ukucha ukabadilika rangi. Kisha akamwambia Bi Mwanamkisi, bila kumtazama, "Kortini pia waliniuliza kama ulikuja, nikasema ndiyo. Sikujua kuwa ndiyo yangu ni kamba."

"Wala mimi yangu," Bi Mwanamkisi akasema.

Barua ile hakumpa mtu. Alingoja maji yajae kwenye mkono wa bahari, akapanda mtumbwi, akaenda nayo Lamu mwenyewe, akamkabidhi karani wa posta mkononi. Aliporudi aliniambia alisimama pale mpaka alipoona ikitiwa ndani ya mfuko, na mfuko ukafungwa kwa kamba.

Tukangoja.

Katika kungoja huko ndiko nilikoona jambo ambalo hakuna barua iliyolitaja. Bi Alawiya, ajuza wa mtaa wa pili, alifariki alfajiri moja. Nilipita kwa Bi Mwanamkisi nikamkuta ameketi mlangoni, ameoga, kanga safi, na mkebe wake wa kafuri mapajani, majani ya mkunazi amekwisha kuyatwanga. Alikuwa akingoja kuitwa. Kila mpita ndia alimwamkia kwa adabu: "Sabalkheri, Bi Mwanamkisi." Naye alijibu, na kuinua mkebe kidogo kama anayetaka kusimama. Wakapita. Adhuhuri tukasikia jeneza limetoka. Walikuwa wamemwendea mwosha wa mji wa Kizingitini. Mwosha alifika amechoka, hajui hata jina la maiti, akaosha, akaenda zake.

Bi Mwanamkisi aliyamwaga majani nyuma ya nyumba. "Kweli," akaniambia. "Nani ataka kuoshwa na mama wa mnyongwa?" Baadaye kidogo akauliza, kama kwamba ni jambo jingine kabisa, "Na kule jela, huoshwa na nani?"

Nilimwambia sijui. Lakini nilikuwa nimesikia Mombasa, nikiwa mtoto, kwamba hawaoshwi, wala hawakabidhiwi watu wao, na kaburi lao huko ndani halionyeshwi mtu. Nadhani aliliona jibu usoni pangu, maana hakuniuliza tena.

Bi Tima naye aliendelea kuja. "Bado?" huuliza. Nikimwambia bado, hutikisa kichwa. "Wakili wa bure, mwanangu, huenda kortini kama mgeni aliyealikwa dakika ya mwisho. Hula kidogo, akaaga mapema." Siku moja nilimkasirikia, nikamwambia Umulkheir ametia dole, na kwamba Bi Mwanamkisi hakuwapa askari siri yoyote. Akanitazama kwa huruma. "Najua," akasema. "Hata mimi najua. Lakini watu wataka sababu, Swafiya. Kama Famau hakuua, na mamake hakumuuza, basi limetokeaje? Ikiwa mtu aweza kufika huko kwa adabu tu, mimi nami sitaomba radhi tena maishani."

Bi Tima hakuwahi kusema neno la kweli kuliko hilo. Tangu mwezi ule nilihudhuria matanga matatu, na katika yote hapana aliyesimama kusema mwenye haki na aseme. Watu walikula, wakasoma khitma, wakaenda na miiba yao.

Barua ya pili ililetwa na mtu aliyetoka Lamu kuuza samli. Bi Mwanamkisi hakuifungua. Aliiweka mbele yangu, akamchukua Amini akampakata, akasema, "Soma ndani kwanza, kwa macho. Kisha nisomee."

Nilisoma kwa macho.

"Nisomee, mwanangu. Usiruke."

Sikuruka. Wakili aliandika kwamba rufani imekataliwa. Barua yetu ilimfikia siku moja kabla ya kusikizwa, akakesha nayo. Aliwaeleza majaji habari ya desturi ya radhi, na aya ya mjane akawapa. Wakamuuliza kwa nini jambo hilo halikusemwa katika kesi ya kwanza, wakati mashahidi wote wawili walisimama kortini wakaulizwa. Akasema hakuwa na jibu la kuwapa. Wakasema rufani huamuliwa kwa yaliyoandikwa katika kesi, na yaliyoandikwa ni kwamba mama alipeleka mbuzi na kuomba radhi. "Nasikitika sana, Bibi," aliandika. "Mimi mwenyewe nimeliamini lile la ungo."

Chini yake palikuwa na maneno mengine. "Nilipomwona mwanao aliniuliza kama watu wangali wakikuita. Sikufahamu maana yake. Nimekuandikia kama alivyosema."

Bi Mwanamkisi alimsogeza Amini begani, akawa akimpigapiga mgongo, ingawa mtoto hakuwa akilia.

"Yeye aifahamu maana yake," akasema. "Mwanangu huyo. Yuko huko, bado ataka kujua kama mamake ana kazi." Kisha, "Mwandikie naitwa. Mwandikie sina hata wakati wa kukaa."

"Nitamwandikia, mama."

"Barua imekwisha?"

Haikuwa imekwisha. Wakili alisema aliyebaki ni Gavana. Kazi yake aliyopewa na Korti imemalizika, lakini tukimpelekea ombi la msamaha atalifikisha mwenyewe, na liwe fupi, na lifike upesi, maana siku zinahesabiwa. Famau alikwisha kuulizwa kama ataka kuomba. Alikuwa amejibu haombi msamaha wa damu asiyoimwaga. Mama anaweza kuomba kwa niaba yake.

Nilipofika hapo nilisita. Maneno yalikuwa yale yale: mama kuomba kwa niaba ya mwanawe. Wakili hakuwa na njia nyingine ya kuyasema, lakini niliyaona yalivyomwingia. Aliacha kumpiga Amini mgongo.

Nikaleta karatasi, nikaleta wino. Nikaketi nikamngoja. Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti.

"Tuanze vipi, mama?" nikauliza. "Niandike kwamba waomba msamaha?"

"Mara ya kwanza niliomba, wakasema ndiyo dalili kuwa kaua. Yeo nikiomba ya pili, watasemaje?"

"Sijui. Lakini tusipoomba..."

"Tusipoomba, najua." Alimlaza Amini juu ya mkeka, akamfunika miguu kwa ncha ya kanga yake, akaja akaketi mbele yangu, karibu, magoti yetu yakagusana. Nikasikia kafuri. "Swafiya, wewe ulikuwapo. Nambie kweli. Mbuzi alipelekwa na nani?"

"Na wewe, mama."

"Famau aliyua?"

"Hakujua. Alikuwa Mkokoni."

"Aliyevua kanga?"

"Ni wewe."

"Aliyesema tupe radhi?"

"Ni wewe, mama. Lakini..."

"Basi usiandike ombi." Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo, ile niliyoisikia nyuma ya pazia siku ya Nana. "Mwandikie Gavana, kwa hati yako hiyo nzuri, kwamba aliyempiga Badawi ni mimi. Kwao aombaye radhi ndiye muuaji, na Famau hakumuomba mtu kitu. Mimi ndiye niliyeomba. Ndia ya mashamba naijua, na mawe yake nayajua. Waje wanichukue, wamwate mwanangu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na wino ulikuwa umekwisha kudondoka kwenye karatasi. Bi Mwanamkisi akalichovya dole gumba lake ndani ya kidau, akaliinua likiwa jeusi mpaka kwenye kifundo, akalingojesha juu ya mahali peupe.

"Andika, mwanangu," akasema. "Dole langu hili hapa."